Nilisema Sahihi

Jumamosi, 6 Januari
Mitihani imeanza. Mashine ya fotokopi inanuka moto tangu asubuhi. Wanachuo macho mekundu, wengine wanataka notsi zipunguzwe ziwe kama kiberiti waingie nazo. Haji Bayumi, bosi wangu, anawafukuza — hili duka, si pango la wezi!
Halafu kaja Rawya, mwanachuo wa famasia. Shika karatasi zangu, fundi, akasema, nikusomee kwa kichwa kama tulivyosomeshwa Kurani. Mbele ya mtu woga unapungua.
Nikashika. Kiingereza kitupu! Mimi niliacha darasa la nne, hata Kiarabu nasoma kwa kidole. Ningemwambia. Sikumwambia.

Jumatatu, 8 Januari
Kaja tena. Akishusha pumzi nasema "Sahihi." Akijikuna shingo najua hana uhakika, nasema "Rudia." Anacheka. "Fundi, we profesa!"
Haji kakohoa huko nyuma.
Leo kaniletea chai. Nimefurahi. Hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Jumatano, 10 Januari
Kaingia kwenye mtihani saa nne. Sikula kitu.

Alhamisi, 11 Januari
Kaja analia. Kulikuwa na swali la dawa ya presha. Kaandika inapandisha, kumbe inashusha.
"Lakini kwako nilisema sawa! Si ulishika karatasi? Basi ni kichwa changu. Woga unanigeuzia maneno."
Mitihani iliyobaki anaiacha. Anarudi kwao. Mwaka wa tatu huu!
Nami nakumbuka. Akisoma huwa anaonyesha kwa mkono. Kwenye dawa ile mkono ulipanda. Ulipanda kabisa, na mimi nikasema sahihi. Kichwa chake hakina ubaya wowote.
Nikageukia mashine. Nikajifanya karatasi imekwama. Mpaka akaondoka.

Jumamosi, 13 Januari
Haji kaniambia asubuhi: mwambie, mwanangu, la sivyo namwambia mimi.
Sasa hivi kaja na baba yake, mabegi yako mlangoni. Mzee wa shamba, kanzu imepigwa pasi. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili.
"Mwalimu, Mungu akuweke. Msikilize binti yangu mara moja tu. Ukisema kichwa kibovu, tunaondoka na treni ya saa tisa. Ukisema kizima, anabaki."
Mwalimu! Mimi!
Rawya kanipa karatasi. Hakunitazama. Nikafungua mdomo — nikasema nakwenda chooni.
Naandika hapa stoo, nimekalia maboksi ya karatasi. Zake bado ninazo mapajani. Saa nane na nusu. Namsikia Rawya anasema baba, mwache, labda anaumwa.
Mzee anamuuliza Haji: "Huyu kijana alisomea wapi?"
"Ngoja atoke," Haji anamjibu, "akwambie mwenyewe."
Nimesimama, nimeshika kitasa —