Kimya Kilichosomewa Fatiha

Iftin, Garissa
12 Aprili 2025

Kwako Eedo Rukiyo, shangazi yangu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto na mbuzi wako wa maziwa. Sisi hatujambo, ila joto. Hooyo, wifi yako, anakusalimu sana. Aabo, kaka yako, naye angekusalimu kama angejua ninakuandikia.

Eedo, kuna jambo sijamwambia mtu, hata Hooyo, hata Leyla ambaye tunalala naye chumba kimoja. Sikuomba uuguzi.

Nimeliandika haraka kabla sijaogopa. Sasa nieleze.

Siku ya pili ya Idd wazee walikaa kwetu. Adeer Abdille, kaka yenu mkubwa, alikuja kutoka Balambala. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika la chai. Aabo akaniita, akasema mbele ya wote: "Nasteha, matokeo yako ni mazuri. Wewe ndiye utakayesomea unesi kwa ajili ya marehemu Lul. Umekubali?" Nikatazama mkeka. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Mzee Abdirahim akacheka, akasema, "Mwacheni mtoto. Msichana wetu akinyamaza amekubali." Wakainua mikono, wakasoma Fatiha, utadhani nimeposwa. Adeer Abdille akaahidi mitamba wa kuuza kwa ajili ya karo.

Sikuwa nimekubali, Eedo. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia.

Ninachotaka ni kusomea hali ya hewa. Shuleni tulikuwa na kipima mvua nyuma ya maabara, na kazi yangu katika klabu ya jiografia ilikuwa kukiangalia kila asubuhi. Mara nyingi nilikuta vumbi na nzi. Mwalimu alisema kuandika sufuri pia ni kazi, kwa sababu sufuri isiyoandikwa haijulikani kama ni ukame au ni uvivu. Maneno hayo yalinikaa.

Kwa hiyo nilipokwenda saiba ya Daud kuomba nafasi ya chuo, niliketi kwenye kompyuta mwenyewe. Nikaufuta uuguzi uliokuwa umeshajazwa, nikaweka hali ya hewa. Daud akauliza kama nina hakika. Nikaitikia kwa kichwa.

Nakuandikia wewe kwa sababu unesi huu ni wa Lul, na Lul alikuwa wako. Tena nawaza hivi: siku ile ya uchungu wake nesi alikuwepo hapo Elwak. Kilichokosekana ni njia. Laga, ule mto mkavu, lilifurika, gari la wagonjwa likabaki ng'ambo. Kama mtu angewaambia mvua ile inakuja, Lul angepelekwa mjini mapema. Je, kazi yangu haiwezi kuwa kwa ajili yake pia?

Majibu yatatoka katikati ya mwaka. Nisaidie kumwambia Aabo kabla ya hapo. Barua hii nampa Salah, utingo wa basi la Mandera. Simu ya nyumbani ni ya Abdinasir, na kaka yangu huyo husoma kila ujumbe kwa sauti kama mtangazaji.

Binti wa kaka yako,
Nasteha


Elwak
24 Aprili 2025

Nasteha,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Mbuzi mmoja amekufa, waliobaki wanakula maboksi ya duka langu. Salah aliileta barua yako ikiwa imemwagikiwa chai, lakini ilisomeka. Afadhali isingesomeka.

Usimfanye binti yangu kuwa hoja. Baba yako anamtumia Lul kukuvuta kwenye unesi, na wewe unamtumia kukimbia unesi. Mimi nilimshika mkono mpaka ukapoa. Saa ile sikuwaza nesi wala mawingu.

Sasa nikuulize kama ninavyomuuliza mtu anayeniuzia ngamia: meno umeyatazama? Kazi hiyo hufanyiwa wapi? Nani huajiri? Umemuuliza mtu aliyeisomea, au umependa tu kile kikopo cha mvua? Nesi namjua. Nimemwona akipokea mshahara na nimemwona akitukanwa. Mtu wa mawingu sijamwona. Kamtafute.

Kuhusu baba yako, mimi sisemi kitu. Fatiha ilisomewa kimya chako, si changu. Ukizidi kunyamaza, siku nyingine watakisomea mume. Ndivyo nilivyofika Elwak mimi.

Usiniandikie tena mpaka uwe umesema.

Eedo yako,
Rukiyo


Iftin, Garissa
9 Mei 2025

Eedo wangu,

Salaam nyingi. Pole kwa mbuzi. Pole pia kwa niliyoyaandika kuhusu Lul. Nilijua yatauma, nikayaandika hivyo hivyo kwa sababu nilitaka kushinda.

Umesema nisikuandikie mpaka niseme. Nimesema, lakini nusu.

Kwanza nilimtafuta mtu wa mawingu. Anaitwa Madam Amino, anafanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa hapa mjini. Nilisimama langoni mpaka askari akaniuliza kama nimepotea. Madam alinipa maji, akanisikiliza, halafu hakunibembeleza hata kidogo. "Niliosoma nao wengi hawakuajiriwa," akasema. "Mmoja anauza bima. Kama unapenda mvua, kaa dirishani uitazame. Kama unapenda hesabu, na kuandika namba hata siku ya Idd wenzako wakila pilau, hapo tutazungumza." Nikasema napenda. Akasema, "Nini? Sikusikii." Nikarudia.

Akanitazama, akasema, "Wewe shida yako si fizikia. Sisi huenda redioni kuwaambia wafugaji. Huenda vikaoni, wazee wanatukatalia, tunasema tena. Utabiri wa mtu asiyesema ni sawa na utabiri ambao haukufanywa." Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno hayo kifuani kama mwiba.

Jioni Aabo alitoka soko la mifugo na furaha, alikuwa amewauzia watu wa Nairobi. Nikamwekea chai, nikasema, "Aabo, kuna kozi nyingine nimesikia ni nzuri."

"Ya nini?"

"Ya mvua."

Alicheka hadi chai ikampalia. "Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, mwanangu. Anahitaji karani?"

Abdinasir akadakia, "Sista anataka kuwa nabii! Tabiri basi, chakula cha leo ni nini?"

Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, Eedo. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilicheka nao.

Hooyo ameshaninunulia viatu vyeupe. Viko juu ya kabati.

Binti yako,
Nasteha


Iftin, Garissa
5 Julai 2025

Eedo Rukiyo,

Assalamu alaykum. Tangu Mei sijapata jibu lako. Namuuliza Salah kila basi likirudi, anainua mikono mitupu. Naomba Mungu iwe ni hasira tu, usiwe ugonjwa. Idd ya kuchinja imepita bila salamu zako, na Aabo alisema, "Huyu dada yangu amemnunia nani?" Nikakimbilia jikoni.

Majibu yametoka. Nimepata hali ya hewa.

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Abdinasir tukiwa tunakula. Akausoma kwa sauti yake ya redio, akafika kwenye jina la kozi, akalisoma mara mbili. "Wamekosea," akasema. Aabo akasema, "Wamekosea." Hooyo naye akasema, "Masikini mwanangu, wamekosea." Eedo, hakuna hata mmoja aliyenigeukia kuniuliza. Walikuwa na uhakika na kimya changu kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika na neno lolote.

Sasa mambo yameharibika. Aabo ameamua kwamba Daud wa saiba alibonyeza vibaya. Alikwenda dukani kwake na Mzee Abdirahim, wakamwambia amemdhulumu yatima wa ukoo. Mimi si yatima, lakini Mzee Abdirahim akikasirika kila mtoto huwa yatima. Daud alinitazama siku hiyo. Nilikuwa barabarani na mkate. Aliniona, alijua, na hakusema kitu, kwa sababu kunitaja mbele ya baba yangu ni kuniaibisha. Sasa wazazi wa Iftin wamewakataza watoto wao kwenda kwake. Jana nilipita, kompyuta zote zilikuwa zimefunikwa shuka.

Ijumaa ijayo kutakuwa na kikao cha wazee, na Ijumaa itakayofuata kikao cha kumhukumu. Wanataka Daud alipe kondoo wa suluhu na aende Nairobi kwa nauli yake "kurekebisha".

Kila asubuhi naamka nikisema leo nitasema. Niambie neno la kuanzia, Eedo. Moja tu.

Nasteha


Elwak
14 Julai 2025

Nasteha mwanangu,

Waalaykum salaam. Mimi si mgonjwa. Nilikuwa na hasira na wewe, halafu na kaka zangu, halafu hasira ikanirudia mwenyewe nikakosa pa kuiweka.

Kuna nesi hapa, Ruweyda, huja kununua maziwa kwangu. Ndiye aliyekuwa na Lul siku ile. Mwaka mzima na zaidi nilimpimia maziwa bila kumtazama usoni. Wiki iliyopita nikamuuliza: "Kama msichana atasomea kazi yako kwa ajili ya maiti wangu, utampokea?" Akasema, "Mama, mgonjwa humtambua nesi asiyetaka kumshika." Akachukua maziwa yake akaenda.

Kwa hiyo Lul namtoa katikati. Mwambie baba yako: Rukiyo amemtoa binti yake, asiwekwe tena kwenye mkutano wowote.

Lakini hili la Daud si la kozi. Mtoto wa watu anafungiwa riziki kwa sababu yako, naye anakusitiri. Neno la kuanzia sina. Nilikuwa nalo nikiwa na umri wako, nikalimeza, na mpaka leo sijui lingesikikaje.

Eedo yako,
Rukiyo


Iftin, Garissa
3 Agosti 2025

Eedo wangu Rukiyo,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi wazima kiafya. Barua yako Salah aliniletea asubuhi ya kikao cha hukumu. Niliisoma nikiwa nimesimama.

Wazee walikaa barazani kwetu, Daud ameketi mwishoni karibu na viatu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na birika, kama siku ya Idd. Aabo akasema, "Nasteha, uliandika unesi, sivyo? Sema tu tumalize." Nikatafuta neno. Mzee Abdirahim akasema, "Amenyamaza. Jambo limekwisha." Nikaona kupitia pazia mikono ikiinuka.

Nikasema, "Msisome."

"Nani huyo?" Mzee Abdirahim akauliza, akageuka huku na huku, akidhani ni Hooyo.

Nikatoka. Birika bado lilikuwa mkononi, nilisahau kuliweka. Nikasema, "Daud hana kosa. Niliandika mimi."

"Anasema nini?" Mzee Abdirahim akauliza. "Sauti kama ya kifaranga!"

"Niliandika mimi!" Nilipiga kelele, Eedo, mbele ya wazee, na chai ikanimwagikia mguuni. "Na siku ya Idd sikukubali. Nilinyamaza tu." Halafu nikawapa ujumbe wako kuhusu Lul. Hapo Adeer Abdille aliinama.

Aabo alimwomba Daud msamaha palepale, mbele ya wote, na kumshika mkono. Hilo alilifanya vizuri. Shuka zimeondolewa kwenye kompyuta. Lakini Adeer Abdille amerudi Balambala na ahadi yake. "Mitamba walikuwa wa nesi," alisema. Daud amenisaidia kuomba mkopo wa serikali na hakutaka malipo, nami siwezi bado kumtazama usoni. Jibu la mkopo halijaja, na chuo kinafunguliwa mwisho wa mwezi huu. Hooyo ameviuza vile viatu vyeupe. Hakuniambia, niliona tu kabati halina kitu juu.

Aabo hajaniambia nenda wala usiende. Akipita nilipo huzungumza na Abdinasir, hata kama Abdinasir hayupo. Mzee Abdirahim angesema kimya ni ridhaa. Mimi kimya sijui tena kukisoma hivyo.

Ila kuna jambo moja. Jana baada ya sala ya alfajiri nilikuwa napuliza makaa. Aabo akaja, akasimama nyuma yangu, akakohoa. Ana wanyama ambao hajaamua kama awauze sasa au awapeleke mtoni Balambala wangojee vuli. Akasema, akitazama ukuta, "Wale watu wako wa mawingu. Wanasema nini?"

Nikamwambia alivyonieleza Madam Amino, kwamba vuli inaweza kuwa haba.

"Wana hakika?"

"Hawana, Aabo. Wanasema inaweza."

Kisha akasema, "Basi angalau si waongo." Alipofika mlangoni akageuka. "Abdille asijue kwamba nilikuuliza."

Sijamwambia Adeer Abdille. Sijamwambia Hooyo wala Leyla. Nawe, Eedo wangu, ukishaisoma barua hii ifiche mbali na watu wa basi na watu wa duka. Usimwambie mtu yeyote kwamba aliniuliza.

Binti wa kaka yako,
Nasteha