Koja la Mahameli

5 Juni

Mdogo wangu Keshar,

Salamu zikufikie huko Ghuba. Mimi sijambo, nyati hajambo, na paa linavuja palepale ulipoliacha. Wewe je, kichwa bado kinakuuma? Mwambie msimamizi wako, usijifanye chuma.

Umesema mkataba unaisha Oktoba na utakuwa hapa siku ya tika, dada wanapowabariki kaka zao, nikupake rangi kwenye paji la uso kama zamani. Barua hiyo nimeikunja na kuikunjua mpaka inachanika. Mwaka jana tulikuwa na msiba wa mama, hakuna aliyepaka wala kupakwa. Mwaka huu utavaa koja, na silitaki la sokoni. Nataka maua ya mahameli yaliyoota hapa uani, kama ya mama.

Shida ni mimi. Unanijua, hata mnanaa ulinifia. Wewe ndiye uliyekuwa ukimfuata mama kitaluni huku umeshika upindo wake. Mbegu nazipata wapi, na nianzeje?

Dada yako,
Tulasa

28 Juni

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila joto la huku halina adabu. Nimecheka peke yangu kitandani, wenzangu wakadhani nimepata mchumba. Dada Tulasa na jembe, makubwa haya.

Mbegu unapita chini yake kila siku. Si lipo lile koja la mama nililolivua nikalitundika juu ya mlango siku naondoka? Lishushe. Fikicha kila ua kiganjani, mbegu zimo mle ndani kwenye manyoya. Zimwage mahali penye jua, funika kwa udongo mwembamba, nyunyiza maji kidogo. Kidogo, dada, huogeshi nyati. Miche ikifika kimo cha kidole, kata vilele vyake ili itoe matawi. Mahameli humwotea hata mvivu, ndiyo maana mama alinipa mimi niyatunze.

Mdogo wako,
Keshar

25 Julai

Mdogo wangu,

Natumai u mzima kuliko mimi. Nimelifikicha koja lote. Lilikuwa bado jekundu, Keshar, tangu siku ile uliyoondoka.

Jirani yetu Phulmati alinikuta nimekaa kizingitini na ungaunga wa koja mapajani, akashika mdomo. Akaniuliza kama nimesahau habari ya Yama, mungu wa mauti, alipokuja kuchukua roho ya kaka mtu, dada akamwambia asubiri kwanza koja linyauke, na mahameli hayanyauki, ndipo Yama akarudi mikono mitupu. "Koja la kaka aliye safarini halishushwi mpaka jipya liwe tayari," akasema. "Sasa umemwachia kinga gani huko?" Tangu siku hiyo silali vizuri.

Mbegu ziliota, nikazimwagia maji, mvua nayo ikamwaga yake, nyingi zikaoza. Yamebaki machipukizi machache kando ya ukuta. Msumari wa mlangoni uko mtupu.

Dada yako,
Tulasa

19 Agosti

Dada,

Hujambo? Usimsikilize Phulmati, huyo hata kuku akikohoa anamwona Yama. Na Yama mwenyewe akija huku saa sita mchana atakufa yeye kwanza.

Kuna jambo sikutaka kukuficha. Nilianguka nikiwa juu ya jengo. Walinilaza kivulini, wakanipa vidonge, kesho yake nikarudi kazini. Usilie. Ni jua tu, na Oktoba si mbali.

Acha kumwagilia, mvua inatosha. Na vilele ukate. Najua utayaonea huruma, kata hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Keshar

14 Septemba

Keshar wangu,

Umeamkaje? Kula, kunywa maji, na ukijisikia vibaya kaa chini, wacheke wanaocheka.

Nimekata vilele. Nilifumba macho, nikalia kama mtu anayemchinja mbuzi wake. Sasa kila mche umetoa matawi, na jana nimeona matumba. Nilimwita Phulmati aje aone. Akasema labda, pengine, Mungu akipenda. Kwa Phulmati hiyo ni sifa.

Dada yako,
Tulasa

22 Septemba

Dada yangu,

Sijambo kidogo. Tiketi wameniahidi. Walnati, ile kokwa ngumu ya kuvunja kizingitini siku ya tika ili Yama asipite, usinunue, nitakuja nayo kubwa. Uzi wa koja la zamani unao? Tunga kwa uzi uleule wa mama.

Ukiona nimekonda usiseme mbele za watu.

Mdogo wako,
Keshar

12 Oktoba

Mdogo wangu,

U hali gani? Tangu ile barua ya kuanguka sijapata neno. Posta wamechoka kuniona. Maua yamechanua, ukuta mzima mwekundu, watu wanasimama njiani kuyatazama. Nilidhani nitafurahi. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Tulasa

8 Novemba

Keshar,

Barua yako ya Septemba imefika leo. Wewe ulitangulia, ndani ya sanduku. Waliolileta walisema tusilifungue, na mjomba akakubaliana nao, kwa hiyo sikukuona kama umekonda. Tulikuchoma pale mtoni tulipomchoma mama.

Nyumba yetu imo tena msibani, haina tika. Jana niliyang'oa mahameli yote, hata mizizi, nikayatupa nyuma ya zizi yakaushwe na jua. Asubuhi Phulmati alipita huko na kapu. Akarudi akasimama mlangoni, akashindwa kuniangalia. Akasema, "Tulasa, bado mazima. Nina kaka watatu."

Nikamwambia achukue. Kisha nikampa na uzi wa mama, maana wake ulikuwa mfupi, nikakaa naye chini nikamsaidia kutunga. Makoja matatu, mazito, mekundu. Hayatanyauka, Keshar.

Dada yako,
Tulasa