Siku Uliyokataa Penieli Akatwe Kimeo

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tangu tulipokuzika kando ya migomba, lakini leo sina mwingine wa kumwambia nilivyoogopa. Nakuandikia nikiwa wodi ya watoto hapa Same. Mdogo wake Penieli, yule ambaye uliondoka kabla hajazaliwa, amelala mbele yangu na mpira wa oksijeni puani.

Unakumbuka asubuhi ile ya mjukuu wako Penieli? Alikuwa hajatimiza hata mwaka. Mafua yalikuwa yamemkalia, na ukungu haujainuka kijijini. Nilipomfungua mgongoni, kifua kilikuwa kinalia kama filimbi. Mwanao, mume wangu, alikuwa kazini Tanga. Jirani yetu Mama Naomi akaingia, akamtazama, akasema, "Hicho ni kimeo. Tumwite mkataji. Kile kinyama cha kooni kikitoka, atapona." Ningekubali chochote, Mama. Wewe ukaacha kukamua ng'ombe, ukaja ukamfunua shati.

"Huyu hakatwi. Huyu hana hewa. Vaa viatu."

Tulipanda bodaboda, mtoto katikati yetu, tukateremka ile barabara ya matope. Kwenye kona moja tairi likateleza, ikabidi tushuke tutembee. Alikuwa akilia, halafu akanyamaza. Nikadhani amepata usingizi, nikashukuru. Wewe uliona midomo inabadilika rangi.

"Mama Penieli, usimwache alale! Mwite!"

Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Hospitalini nesi alimchukua mikononi mwangu bila hata kuuliza jina. Wakamwekea oksijeni, wakamfunika pua na mdomo kwa barakoa ya mashine inayotoa mvuke wa dawa. Daktari akatuonyesha: "Tazameni hapa chini ya mbavu panavyobonyea akivuta pumzi. Mkiona hivi, msisubiri nyumbani." Ukaniketisha kwenye benchi. Ndipo uliponiambia, kwa Kipare, polepole, kwamba kabla ya kumzaa mume wangu ulikuwa na mtoto mwingine. Kifua chake kililia hivyohivyo. Walimkata kimeo. Hakuiona jioni. Penieli alipona, nawe hukulitaja tena jambo hilo.

Leo asubuhi huyu mdogo naye akaanza. Nilimfunua nguo, nikaona pale chini ya mbavu panabonyea. Mama Naomi akafika na neno lilelile. Nawe hukuwepo. Niligeuka huku na huku kama ninayekutafuta. Kisha nikajisikia nasema, "Hakatwi," nikavuta kanga, nikatoka mbio kutafuta bodaboda. Mama Naomi akanifuata, akapanda nyuma yangu, akatushikilia. Njiani nilimweleza habari ya mtoto wako. Nisamehe kama ulitaka ibaki kwetu wawili. Alilia mpaka tukaingia mjini.

Daktari anasema pumzi imeanza kutulia, ila tutalala hapa. Bado naogopa. Naogopa hata kupepesa macho. Mama Naomi amekataa kurudi nyumbani, amekaa upande wa pili wa kitanda, haondoi macho kifuani kwa mtoto. Sasa hivi amenigusa bega.

"Mama Penieli, anatafuta titi."

Ngoja nimpe, Mama. Wewe pumzika.

Mkweo,
Mama Penieli