Insha ya Pampu

Jumapili, 2 Machi

Barua imekuja! Usaili ni Jumatano, tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi, Idara ya Hisabati. Niende na vitu viwili: mpango wangu wa miaka minne ya shahada, na insha ya kurasa mbili kuhusu tatizo halisi nililolipigia hesabu mwenyewe. Wanasema waombaji wengi wa hisabati tumizi wanajua kukokotoa ila hawajui wanakokotoa nini. Haya, tutaona.

Shemeji alifurahi kunishinda. Alifuta meza, akatandaza karatasi kubwa ya ramani — ni mpima ardhi, karatasi hazimwishii — tukachora miaka minne kwa rula. Mwaka wa kwanza kalkulasi, aljebra ya mstari, kompyuta. Wa pili milinganyo tofautishi. Wa tatu tukabishana: yeye anataka nisome upimaji nije ofisini kwake, mimi nataka uwezekano na takwimu. Ananiita Profesa. Pembe zote nilizijulia kwake, hapo hapo mezani, kabla mwalimu hajazifikia darasani. Ndilo linaloniudhi. Ana mikono mizuri ya kuchora.

Dada alituletea chai. Anatafunia upande mmoja tangu Alhamisi. Shemeji alimgongesha mdomo kwenye sinki, jino likabaki humo. Sababu ni soksi. Nilikuwa chumbani, nikauma mto. Mimi niliyesimamishwa shule wiki mbili kwa kumpiga kiranja na kiti — nikauma mto.

Jumatano, 5 Machi

Tangu nihamie hapa naandika tarehe nyuma ya daftari hili. Leo nimezipanga. 14 Agosti. 3 Oktoba. 12 Novemba. 14 Desemba. 9 Januari. 29 Januari. 14 Februari. 27 Februari. Siku za katikati: hamsini, arobaini, thelathini na mbili, ishirini na sita, ishirini, kumi na sita, kumi na tatu.

Kila nafasi ni kama sehemu nne kati ya tano za iliyotangulia! Mfuatano kama huo una mwisho. Ukijumlisha nafasi zote, hata ziwe hazihesabiki, hupati zaidi ya siku mia mbili na hamsini. Nimehesabu kwenye kalenda kutoka 14 Agosti. Inaangukia 21 Aprili. Baada ya hapo hakuna nafasi tena kati ya kipigo na kipigo.

Niandike ukweli, si hakuna anayesoma? Kwanza nilifurahi. Hesabu ilikaa sawa, nikafurahi. Halafu nikaenda chooni kutapika.

Nafasi inayofuata ni siku kumi: kipigo kijacho ni Jumapili hii, tarehe tisa.

Jumapili, 9 Machi

Sikuwaachia nyumba. Nilipiga deki sebule mara tatu. Shemeji akasema, Profesa, sakafu itatoboka. Akamenya viazi na dada, akamwimbia kwa ile sauti yake mbaya, dada akacheka amefunika mdomo. Mpaka jua linazama hakuna lililotokea.

Nimekosea. Sijawahi kufurahia kosa kama hili.

Jumatatu, 10 Machi

Dada alikuwa anaanua nguo. Aliponyoosha mikono, blauzi ikapanda. Mbavuni pamevimba, pabichi. Lini? Jana. Saa ngapi jana? Nilipokwenda dukani kununua sabuni ya hilo deki langu. Dakika kumi.

Nikamwambia nimehesabu, hii ni ya tisa. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Alisema, mdogo wangu, wewe unahesabu zile za kelele. Za kelele ndizo chache.

Nilikaa chini pale pale kwenye beseni la nguo. Kwa hiyo tarehe nilipatia, na mengine yote nilikosa. Nikasema twende polisi sasa hivi. Hataki. Shemeji ndiye aliyetia sahihi ya mlezi kwenye fomu zangu, akiiondoa nimekwisha. Niingie chuo kwanza, nipate chumba huko, ndipo naye atakuwa na mahali pa kukimbilia. Yeye amevumilia miaka sita, mimi nitashindwa siku tisa?

Kumbe shahada hii si yangu peke yangu.

Nimefungua mpango. Somo la uchukuaji sampuli lilikuwa mwaka wa tatu. Nimelihamishia wa kwanza.

Alhamisi, 13 Machi

Insha imekwisha. Nimeandika kuhusu pampu. Pampu ya maji ya mtaa inakwama, wanaitengeneza, inakwama tena, kila mara mapema zaidi, na mwombaji huyu ameikadiria siku ya kufa. Tarehe sikuzibadilisha. Nimeweka zile nane.

Nikaipeleka shuleni kwa mwalimu wangu wa hisabati, Mzee Desimali. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakubali mtu aseme "kama kumi hivi". Aliisoma amesimama. Hesabu akaisifu. Kisha akauliza nani alikuwa anaitazama hiyo pampu. Mimi, nikasema. Na ulipokuwa hupo? Akasema niongeze aya moja: kwamba hizi ni tarehe zilizokubali kuonekana, na huenda pampu ilikwama mara nyingi zaidi mtazamaji asijue.

Nimeiongeza. Mwandiko wa aya hiyo ni mbaya kuliko mwingine wote.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji aliomba aisome. Ningeweza kusema haijakamilika. Ningeweza kusema lolote. Nikampa, tena kwa mikono miwili. Nilitaka nimwone akizipitisha macho zile tarehe. Hasira ina upumbavu wake, na mimi ninao wa kugawa.

Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu. Akarekebisha vituo. Akapiga hesabu yeye mwenyewe pembeni, polepole, akapata mia mbili na hamsini, akafungua kalenda ya simu. Akasema, Profesa, pampu yako inakufa Aprili ishirini na moja, watu wa mtaa huo hawaoni? Kwa nini hawaiti fundi?

Nikamwambia fundi ndiye anayeiharibu.

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Dada alikuwa mlangoni na sahani. Akacheka pia, bila kujua anachekea nini. Shemeji anataka kubaki na insha kidogo, akaionyeshe ofisini.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi, mezani. Alikuwa nayo insha kando ya kikombe. Akasema, tarehe kumi na nne Desemba ilikuwa harusi ya bosi. Nikasema sikumbuki. Akasema yeye anakumbuka: tulirudi, akaoga, maji yalikuwepo. Hakuniita Profesa.

Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akamtazama dada. Hakunitazama mimi, alimtazama dada, kwa muda mrefu, huku anakoroga chai iliyokwishakorogwa. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Anadhani dada ndiye aliyenipa tarehe.

Alipotoka nikamweleza dada yote. Nilidhani atanipiga kofi, na lingekuwa haki yangu. Aliuliza tu kama nina nakala ya insha. Ninayo. Nikasema tuondoke leo. Akasema usaili ni keshokutwa, na siku mbili kwake si kitu.

Nilimtii. Mungu anisamehe, nilimtii kwa sababu nami nautaka usaili.

Jumanne, 18 Machi

Kituo cha polisi. Nipo kwenye benchi la nje ya chumba cha maelezo, mlango uko nusu wazi. Naandika kwa sababu nikiacha, naanza kuhesabu.

Shemeji alirudi saa nane mchana. Nilikuwa sebuleni napiga pasi gauni la kesho. Alifunga madirisha, moja baada ya jingine, taratibu kama mtu aliyeona mvua ya mbali. Akamwita dada. Akamuuliza, umemwambia nini mtoto? Dada akasema sijamwambia kitu, na ni kweli. Akatoa insha mfukoni.

Alizisoma tarehe zangu. Kwa sauti. Kwa kila tarehe, pigo moja.

Agosti, kofi. Oktoba, ngumi ya tumbo, dada akajikunja. Novemba akamkanyaga mkono wa kulia, kifundo kikalia, nilikisikia kutoka kwenye meza ya pasi. Desemba. Januari. Kwenye Januari ya pili dada aliacha kujikinga uso. Na mimi nilikuwa nimesimama nahesabu! Hesabu ilikuwa inakwenda yenyewe kichwani, tano, sita, kama ninasubiri jibu. Akasema, kumi na nne Februari, akamshika nywele auelekeze uso wake kwenye kona ya kabati. Pasi ilikuwa mkononi mwangu.

Nilimpiga nyuma ya sikio. Nywele zikanuka. Ya pili alikuwa ameshapiga magoti. Ya tatu haikuwa ya kumwokoa mtu. Ya tatu ilikuwa yangu.

Anapumua. Wamempeleka hospitali, wanasema fuvu limeingia ndani. Jirani ndiye aliyeita polisi. Askari wawili wakaingia, wakaona pasi, wakauliza nani kafanya. Nilifungua mdomo. Dada, jicho moja limefungika, damu mpaka shingoni, akasema, mimi.

Nikasema hapana. Akaniambia nyamaza, kwa sauti ya mama yetu. Kwenye gari aliniinamia sikioni: basi la kesho ni saa kumi na mbili alfajiri, gauni lina doa kwenye pindo, livae na sketi juu. Nikakataa. Akasema, nimepigwa miaka sita, usinifanye nimepigwa bure.

Sasa yuko ndani. Watampeleka hospitali wakishaandika maelezo. Askari wa kike ametoka mara moja kuniuliza: kuna mtu anayejua kwamba mume alikuwa anampiga? Kuna kitu chochote kilichoandikwa, tarehe hata mbili tatu? Kikiwepo, dada alijitetea. Kisipokuwepo, ni jaribio la kuua. Alisema taratibu, kama anayetaka niwe nacho.

Daftari liko mapajani. Tarehe ziko nyuma. Na ukurasa huu uko mbele. Nimeshaushika pembeni ili niuchane, na bado sijauchana.

Dada amekaa na mkono wa kulia ndani ya mtandio tangu tumefika. Hawajauuliza. Pasi ile ni nzito. Hakuna mtu anayeinua pasi kwa mkono ule.

Namsikia askari akimsomea maelezo. Anasema, dada, kama ndivyo ilivyokuwa, tia sahihi hapa.

Dada ameutoa mkono ule kwenye mtandio.

Kalamu imeanguka. Askari amemwokotea, amempa tena.