Miwani Siku ya Kuchoma Kijiji

Mtaa wa 28 Mashariki,
Los Angeles, California.
9 Novemba 1934

Mpendwa Shangazi Ozelia,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Opelousas? Sisi wazima, ila mimi bado nina hasira, na sitaki ipoe kabla sijakuandikia.

Uliuliza mbona kaka yako, Baba yangu, hakuandikii tangu Machi. Miwani uliyompa stesheni tulipohama, ile aliyokuwa akisomea Biblia mbele ya kanisa, ilivunjwa.

Unajua huku wazungu hutukodi sisi weusi tuwe washenzi wa porini kwenye sinema. Mimi nimeshakufa mara kumi na moja. Safari hii Baba alipewa kuwa chifu mwenye maneno ya kusema. Alizunguka jikoni akiyakariri hadi nasi tukayajua.

Siku yenyewe mwongozaji, Bwana Whitcombe, alisikia sentensi moja tu. "We babu! Chifu wa porini anaongea kama mwalimu? Unguruma tu!" Kisha akamvua miwani akamvalisha nyani wao wa sinema. Wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu, na nyani akatafuna kioo kimoja. Shangazi, mtu aliyefundisha miaka ishirini na sita, nilimwongoza kwa mkono hadi nje.

Wiki nzima hakutoka chumbani ila kwenda kuunguruma. "Yaache, mwanangu," aliniambia. Sikuyaacha.

Onyesho la mwisho lilikuwa kuchoma kijiji chote cha majani, kitu kisichoweza kupigwa picha mara mbili. Tulikuwa watu hamsini, karibu wote wa kanisa letu. Dada Luvenia, yule anayepanga watu vitini kanisani, alitushonea mifuko ndani ya sketi za majani. "Azimeni miwani za bibi zenu," alisema, "na atakayeniletea woga nitamchoma pamoja na kijiji." Ya Baba, yenye kioo kimoja, nilimwekea mfukoni nikamwonyesha ilipo.

Moto ulipokolea, Whitcombe akaamuru tucheze. Tukaigeukia kamera, mikuki mkononi, tukavaa miwani sote. Wengine hawakuona hata mbele ya pua zao. Akapiga kelele, "Simamisha! Simamisha!" lakini moto hakuuajiri yeye. Nikamtazama Baba pale kwenye kiti chake cha chifu. Alivaa taratibu, akasimama, akasema maneno yake yote, mwanzo hadi mwisho, kama yuko mbele ya darasa.

"Nani kawapa miwani?" Whitcombe alifoka, nyumba zote zikiwa majivu.

"Muulize nyani wako," Baba akamjibu.

Hatujaitwa kazini tena. Whitcombe naye kafukuzwa, na nimefurahi mno. Mchungaji ananiambia nisamehe. Nimemwambia anipe muda, furaha hii bado ni tamu.

Wenye sinema walikata walichoweza, lakini kijiji kinaungua na sisi tumo. Sinema ikifika huko, jikongoje hadi kule juu wanakotukalisha sisi weusi, na mwanao Odile akushike mkono. Ukiona moto, tazama katikati. Halafu simama umwite kaka yako kwa majina yake yote matatu, hadi wazungu waliokaa chini wageuke.

Nisalimie Odile na Mjomba Cyprien. Mungu akutie nguvu za goti na za sauti. Kioo kipya kimewekwa juzi. Baba yuko mezani sasa hivi, anakuandikia mwenyewe.

Wako akupendaye na asiyesahau,
Verdell