Kabichi, Bando na Dakika Saba

Alhamisi. Baridi, manyunyu, Mlima Meru hauonekani. Afadhali. Hata mimi leo sitaki kuonekana.

Juzi nimekosa tenda ya kupeleka mboga kwenye chuo kimoja hapa mjini. Mfumo wao wa kupokea bei mtandaoni ulifungwa saa nne kamili asubuhi. Kompyuta yangu ikaniambia bado dakika saba. Bei yangu siiweki mapema, mji huu bei huvuja. Naiweka mwishoni kabisa. Simu ilikuwa sebuleni dirishani ikinigawia intaneti, kwa hiyo saa niliyoiangalia ni ya kwenye kompyuta tu. Nikabonyeza. Muda umekwisha.

Na shamba zima la kabichi limekomaa.

Betri ndogo ya ndani ya kompyuta imechoka. Umeme ukikatika, saa inabaki nyuma. Nalijua hilo. Ndiyo maana niliiseti ijirekebishe yenyewe kwa mtandao. Nilipochungulia, nikakuta pamezimwa. Aliyezima ni Elia, mdogo wangu, mhasibu wangu, anayelala bure chumba changu cha uani hapa Engutoto.

"Dada, ile kitu kila saa inatafuta mtandao. Inakula bando."

"Inakula bando? Na wewe unakula nini?"

Kuuliza saa mtandaoni hakufikii hata picha moja ya hizo anazowatumia wasichana wake. Nikamkalisha aandike mwenyewe, herufi kwa herufi, amri ya kuirudisha saa kwenye mtandao: sudo timedatectl set-ntp true. Saa ikaruka dakika saba mbele ya macho yake. Machozi yakamlenga. Nikamwambia akalie nje, kibodi haipendi maji.

Mama akapiga simu kutoka Ngaramtoni. "Huyo ni damu yako, mwanangu." Nikamjibu ndiyo maana bado ana pa kulala.

Leo ni siku ya soko hukohuko Ngaramtoni. Nimemtuma Elia akauze kabichi chini, juu ya turubai, amevaa shati la ofisini na tai, mbele ya watu walewale waliomchangia sherehe ya shahada. Asirudi mpaka turubai libaki tupu.

Alfajiri akatuma ujumbe: "Shikamoo dada. Nimefika. Saa kumi na mbili kamili."

Nikaangalia kompyuta. Amepatia.

Sijamjibu. Sasa manyunyu yamegeuka mvua, na mwavuli wake unaning'inia hapa nyuma ya mlango. Nimpe bodaboda ampelekee?

Kabichi hazina shida na mvua.