Mkono Wangu Ndani ya Mashine ya Yahaya

Gongoni,
Tabora.
14 Agosti, 1956

Mpendwa kaka Mfaume,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe na wifi Tausi, na kwamba kile kifua kilichokusumbua kwa vumbi la mgodini kimepoa. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri, ila magoti hayamwachi. Visima vimeanza kukauka mapema mwaka huu.

Harusi ya Mwanajuma, binti wa shangazi, imepita salama. Najua umesikia na mengine, maana wasafiri wa gari la moshi hawafungi midomo. Afadhali uyasikie kwangu.

Shemeji yako Yahaya alikuwa anaunda mashine ya kukuza sauti, ili waimbaji wetu wasikike harusini. Ufundi huo aliupata jeshini, alipokuwa fundi wa simu za upepo kule Burma, na vipande alivitoa kwenye redio mbovu. Mashine ina vali mbili kubwa, zile taa za kioo, nazo husukuma sauti pamoja. Sharti zivute umeme sawasawa. Moja ikizidi, mashine inanguruma hata pasipo mtu kusema, na bati lililo ndani ya kioo linageuka jekundu. Hapo Yahaya hushika bisbisi, akazungusha skrubu ndogo taratibu huku akitazama mshale wa mita.

Ngurumo ile, kaka, sikuipenda. Iliingia mpaka kabatini, vikombe vikawa vinanong'onezana. Mama akasema kitu kinachonung'unika bila kuguswa kina jambo lake.

Yahaya alikuwa na miiko yake. Mkono mmoja kazini, wa pili mgongoni, ili umeme ukimpata usikatize kifuani. Na akichomoa waya ukutani, kwanza huvigusa kwa kipande cha waya vile vikopo vinavyohifadhi umeme, vitoe uliobaki. Siku moja kabla ya harusi haijafika, watu wa bwana harusi walikuja kuuliza kama mashine itasema au watafute ngoma. Aliona haya mbele yao. Akachomoa waya, akaingiza mikono yote miwili papo hapo. Rafiki yake Hilari, yule mpiga gitaa wa Ipuli, akamwambia, "Ngoja kwanza, Yahaya."

"Nimeshaichomoa. Haina kitu."

Mimi nilisikia mshindo tu. Nilipoingia alikuwa chini, kisogo ukutani, macho wazi, hapumui. Hilari alimpiga ngumi kifuani huku akimwita jina, akampiga tena, mpaka akakohoa. Tulimpeleka hospitali juu ya baiskeli. Daktari aliniita kando akaniambia moyo wake sasa hauendi sawa, na pigo jingine kama lile hautalistahimili. Mkono wa kulia unamtetemeka hadi leo. Hashiki kikombe cha kahawa.

Mama alitaka tuitupe mashine shimoni. Mimi nilimuunga mkono. Lakini Yahaya alikaa akiitazama kutwa, hataki chakula. Mwishowe akaniambia, "Batuli, mkono wako umetulia. Shika bisbisi, mimi nitasoma mita."

Nikashika. Nikaweka mkono wa kushoto mgongoni kama nilivyomwona akifanya. Joto la vali likanipiga usoni.

"Rudi kidogo," akasema. "Kidogo tena. Polepole, mke wangu. Hapo! Usiguse tena."

Wekundu ukafifia, ngurumo ikakatika. Hilari akasogelea maikrofoni, na kabla hajasema neno tukaisikia pumzi yake chumba kizima.

Harusini nyimbo zilifika hadi sokoni. Watu wakampa Yahaya mkono, naye akawa ananitazama mimi.

Sasa anaunda ya pili, kubwa kuliko ile, yenye vali nne, na transfoma yake waliibeba watu wawili. Nikimweleza habari ya moyo wake, anacheka. Hilari haji tena. Nilipokwenda kumwita, alinijibu mlangoni kwake, "Shemeji, mimi sitambeba mara ya pili." Jana asubuhi Yahaya alijaribu peke yake. Bisbisi ikateleza, cheche zikaruka, kisha nikasikia ananiita.

Kaka, njoo. Omba ruhusa kazini, upande gari, ubadilishe Kaliua. Yahaya anakuheshimu, atakusikiliza. Lakini usiseme naye peke yake, sema na mimi pia. Maana ngurumo ile ilipokatika mkononi mwangu niliona raha ambayo sijapata kuiona, na jana aliponiita sikumkemea. Nilifuta unga mikononi, nikaenda.

Mama anakusalimu, na Mwanajuma na mumewe pia. Nisalimie sana wifi Tausi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake huko chini ya ardhi unakoshinda, na akufikishe kwetu mapema.

Ni mimi nduguyo wa tumbo moja, nikupendaye na kukungoja,

Batuli binti Omari